Tangazo la kiwanda cha bastola kwa wauzaji: namna ya kulisoma kabla hujajaza oda

Mpokea Mzigo (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kwenye uzi mwingine kuna ndugu aliuliza swali zuri sana: inakuwaje duka la bastola Marekani linaweka oda, linathibitishiwa, halafu linakaa miezi bila mzigo huku duka la mtaa wa pili limejaza kabati? Jibu ni refu, na sehemu yake kubwa imo kwenye matangazo ambayo viwanda hututumia sisi wauzaji, nikaona bora nilifungulie uzi wake. Kazi yangu ni kuagiza na kupokea mzigo kwenye duka lenye leseni, kwa hiyo naongelea soko la Marekani tu. Kwingine sheria ni tofauti kabisa.

Kwanza mjue nani anamwandikia nani. Kiwanda kikubwa mara nyingi hakimuuzii muuzaji mdogo moja kwa moja. Ruger kwa mfano hupitisha mzigo wake kwa wasambazaji wa jumla, na hao ndio wanaouzia maduka. Majina yao kila mnunuzi wa duka anayajua kama jina la mama yake: Lipsey's wa Baton Rouge, Davidson's wa Prescott, Sports South wa Shreveport, RSR. Kampuni nyingine zina njia mbili, yaani msambazaji, na programu ya maduka yanayonunua moja kwa moja yakifikisha kiwango fulani cha oda. Ndiyo maana tangazo moja linaweza kukufikia mara mbili, moja lina nembo ya kiwanda na jingine la msambazaji, na yaliyomo hayafanani. Kiwanda kikiandika "mzigo umeanza kutoka", maana yake umetoka kwenda kwa msambazaji. Wewe bado hujafikiwa. Ukimwahidi mteja kwa sentensi hiyo, utamkwepa kwenye simu wiki nzima.

Sasa tangazo lenyewe. Juu kuna picha ya bastola mpya, inang'aa, na maneno matamu. Hapo pita haraka. Shuka chini kwenye maandishi madogo, utafute mambo haya.

Bei mpya inaanza lini, na je, oda zilizopo kwenye foleni zinalindwa kwa bei ya zamani? Hili ndilo swali la pesa. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba mzigo utatozwa bei ya siku unapotoka ghalani. Maana yake oda uliyoweka miezi iliyopita kwa bei uliyoipigia hesabu inaweza kufika na ankara nyingine kabisa, na wewe ulishamkatia mteja risiti ya malipo ya awali. Kama tangazo liko kimya kuhusu oda za foleni, usijifariji kwamba kimya hicho kinakulinda. Piga simu, omba jibu kwa maandishi.

Jambo la pili ni namba za bidhaa. Watu wa nje wanadhani bastola moja ni bidhaa moja. Sivyo. Mfano mmoja una msururu wa namba: yenye magazini (chombo cha kubebea risasi) ya kawaida, yenye magazini ya risasi 10 kwa ajili ya majimbo yenye kikomo kama New York na New Jersey, yenye kitufe cha usalama na isiyo nacho, yenye slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola ikifyatua) iliyochongwa kupokea darubini ya nukta nyekundu na isiyochongwa. California na Massachusetts wana orodha zao za bastola zinazoruhusiwa kuuzwa dukani, kwa hiyo kuna namba zinazotengenezwa kwa ajili yao tu. Tangazo likisema "imesitishwa", angalia ni namba ipi. Miaka hii mara nyingi inayokufa ni ile ya slaidi isiyochongwa, na mrithi wake yuko mstari wa chini kwenye tangazo hilo hilo. Wateja hawasomi mpaka huko. Wanaona neno "imesitishwa" mtandaoni, kesho yake wako kaunta wanataka mbili mbili.

La tatu ni mgao, na hapa ndipo penye jibu la yule ndugu. Bidhaa mpya nyingi hutambulishwa Januari kwenye maonyesho ya SHOT Show, Las Vegas. Maduka yote yanaagiza wiki hiyo hiyo. Kiwanda hakina uwezo wa kumridhisha kila mtu, hivyo kinagawa. Msambazaji naye anagawa alichopewa. Anamtazama nani? Anamtazama aliyenunua kwake mwaka mzima, pamoja na zile bidhaa zinazokwenda polepole. Duka linalomkumbuka msambazaji siku ya bidhaa motomoto tu, linapata masalia. Oda yako kwenye mfumo ni ombi lililopangwa foleni, na foleni hiyo haiendi kwa tarehe peke yake.

Nimechoka kuandika. Ulizeni.

---

Mdadisi Mtulivu

Uzi mzuri mkuu, nimeweka kambi hapa. Swali: kwa nini duka lisiagize bastola hiyo hiyo kwa wasambazaji watano, atakayewahi ndiye huyo, wengine unafuta?

---

Mpokea Mzigo

@Mdadisi Mtulivu, ndivyo wengi wanavyofanya, na ndicho kinachoharibu hesabu kwa kila mtu.

Chukua mwaka 2020. Mfumo wa FBI wa kukagua wanunuzi, NICS, ulipokea maombi karibu milioni 39.7, rekodi ya tangu uanze kazi mwishoni mwa 1998. Kumbuka ukaguzi mmoja si sawa na bunduki moja, kwa sababu majimbo mengine hukagua watu wenye vibali kila mara hata kama hawanunui kitu, na mtu mmoja anaweza kuchukua zaidi ya moja kwa ukaguzi mmoja. Lakini mwelekeo ulionekana. Maduka yaliishiwa, kila mnunuzi akaagiza kila mahali. Ukiwa kiwandani unaona oda tano za bastola moja, unadhani soko limekua mara tano. Joto lilipopoa, oda zikafutwa kwa mafungu, na wasambazaji wakabaki na mizigo.

Wenye akili hawaangalii oda tu. Ruger, kwa kuwa ni kampuni ya hisa na lazima itoe taarifa, huwa inaandika kwenye ripoti zake za robo mwaka makadirio ya vipande vilivyotoka kwa wasambazaji kwenda madukani, na inavilinganisha na takwimu za NICS zilizorekebishwa kuondoa ule ukaguzi wa vibali. Hiyo ndiyo namba ya kufuatilia. Oda ni matamanio, kilichotoka kwenda dukani ndicho mauzo. Mimi ripoti hizo nazisoma kuliko nisomavyo matangazo, na ni bure.

---

Jiwe la Pembeni

Samahani, lakini mnajadili kama watu wanaouza majembe. Hii ni silaha inayoua. Mbona hakuna hata mstari mmoja kuhusu inaishia kwa nani?

---

Mpokea Mzigo

@Jiwe la Pembeni, hoja yako ni halali, na sitaikwepa. Ngoja nikuonyeshe boksi moja linavyopokelewa.

Kabla hata halijatoka kwa msambazaji, lazima awe na nakala ya leseni yetu ya shirikisho, na anaihakiki namba yake kwenye mfumo wa ATF, wakala wa serikali ya shirikisho anayesimamia silaha. Boksi linafika, mtu mzima anasaini. Linafunguliwa siku hiyo hiyo. Pembeni ya kasha kuna karatasi yenye msimbopau na namba ya bastola. Hiyo karatasi huiamini. Unafungua kasha, unahakikisha chemba iko tupu, unasoma namba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa Glock utaikuta sehemu tatu: kwenye kibati kidogo kilichozama kwenye fremu ya plastiki, kwenye slaidi, na kwenye kasiba. Zote zifanane, na zifanane na ankara. Kisha unaandika kwenye daftari la kupokea na kutoa: mtengenezaji, muagizaji kama imetoka nje ya nchi, modeli, namba, aina, kipimo cha risasi, imetoka kwa nani, tarehe. Mwisho wa kuandika ni kufunga kazi siku ya kazi inayofuata. Ikipungua bastola moja kwenye boksi hulali nalo, unampigia aliyetuma hapo hapo, kwa sababu kwa mzigo uliopotea njiani yeye ndiye mwenye wajibu wa kuripoti ATF na polisi ndani ya saa 48 tangu agundue. Ikipotea ikiwa imeshaingia kwenye daftari lako, wajibu na saa 48 ni vyako.

Upande wa mnunuzi: bastola haiuzwi na muuzaji mwenye leseni kwa mtu wa chini ya miaka 21, mnunuzi anajaza fomu 4473, ile ya shirikisho yenye maelezo yake, anakaguliwa. Akinunua mbili au zaidi ndani ya siku tano za kazi mfululizo, tunapeleka ripoti ya ziada ATF.

Je, hayo yanatosha? Watu wanabishana miaka nenda rudi na mimi siwezi kuumaliza ubishi huo hapa. Ila usidhani ni majembe.

---

Jiwe la Pembeni

Sawa. Nimeelewa upande wa dukani. Bado naona kiwanda kinajiweka mbali sana na mtumiaji wa mwisho, lakini endeleeni.

---

Bi Hesabu

Naomba niongeze kwenye bei maana mleta uzi kapita juu juu.

Kwenye jedwali la tangazo kuna safu tatu za bei na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni bei ya muuzaji, ndiyo unayolipa wewe. Ya pili ni bei elekezi ya rejareja, ambayo karibu hakuna anayeilipa. Ya tatu, na ndiyo yenye meno, ni bei ya chini kabisa unayoruhusiwa kuitangaza. Hii haikuzuii kumuuzia mteja chini yake akiwa kaunta, inakuzuia kuitangaza hadharani. Ukishika simu ukaweka picha na bei ya chini kwenye ukurasa wa duka, kiwanda kinaweza kukukatia mgao. Ndiyo sababu unaona tovuti nyingi zinaandika "weka kwenye kikapu uone bei".

Halafu kuna ushuru usioonekana. Mtengenezaji au muagizaji hulipa serikali ya shirikisho asilimia 10 kwa bastola na rivolva, na asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi. Pesa hiyo huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori kupitia sheria ya Pittman-Robertson ya 1937. Dukani huioni kwa sababu imeshamezwa ndani ya bei ya kiwanda. Kwa hiyo bei ya kiwanda ikipanda, ushuru nao unapanda, kwa sababu unahesabiwa kwa asilimia ya bei.

Na msisahau forodha. Bastola nyingi zinazopendwa Marekani hutoka nje: Austria, Croatia, Italia, Uturuki, Brazil, Ucheki. Mwaka 2025 ushuru mpya wa forodha ulipoanza, bidhaa za Umoja wa Ulaya zikawekewa asilimia 15 na za Brazil nyingi zikafika asilimia 50. Ukiona tangazo la bei mwaka ule linasema "mabadiliko ya gharama za uzalishaji", geuza bastola usome imetengenezwa wapi. Mara nyingi jibu liko pale.

---

Mdadisi Mtulivu

Bi Hesabu umenifungua macho. Kwa hiyo duka linabaki na nini?

---

Bi Hesabu

Kidogo kuliko mnavyodhani. Kwenye bastola mpya faida ni nyembamba, maduka mengi yanapumulia risasi, mikoba ya kiunoni, darubini, na bastola zilizotumika. Ndiyo maana tangazo la "nunua kumi, upate magazini za bure" lina thamani kuliko punguzo dogo la bei. Magazini unaziuza kando.

---

Fundi Slaidi

Mimi niko benchi, sio kaunta. Kuna aina ya tangazo ambalo mleta uzi hajaligusa na ndilo la kwanza kusomwa: la usalama.

Marekani, ile tume inayosimamia usalama wa bidhaa za majumbani, inayoweza kulazimisha kurudishwa kwa kibaniko cha mkate au kitanda cha mtoto, haina mamlaka hayo juu ya bunduki. Sheria inaziweka nje. Kwa hiyo kiwanda kinapoita bastola zake zirudi, kinafanya kwa hiari, au kwa kusukumwa na mahakama na hofu ya kushtakiwa. Na kwa kuwa ni hiari, lugha inatofautiana sana.

Novemba 2020 Smith & Wesson walisema wazi: M&P Shield EZ zilizotengenezwa kati ya Machi 1 na Oktoba 31 mwaka huo zinaitwa zirudi kiwandani, kuna nyundo za ndani (kipande kinachogonga ili risasi ifyatuke) ambazo huenda hazikutengenezwa kwa kiwango, acha kutumia, angalia namba. Tangazo la namna hiyo ni rahisi kufanyia kazi. Unachukua daftari, unapitia namba, zilizoangukia humo zinatoka kabatini kabla chai haijapoa.

Linganisha na Agosti 2017, SIG Sauer na P320. Majaribio ya watu wa nje yalionyesha bastola inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Kampuni ikatangaza "uboreshaji wa hiari" wa triga na vipande vya ndani. Mteja akisoma hivyo anaona kama ofa, anasema nitapeleka nikipata nafasi. Kwa maoni yangu kichwa kile kilikuwa kipole mno kwa jambo lenyewe, na duka linapopokea tangazo la aina hiyo linatakiwa kumtafsiria mteja uzito wake. Mpigie aliyenunua kwako. Namba yake unayo.

La kiufundi: bastola ya mteja ikilala dukani kusubiri kupelekwa kiwandani, inaingia kwenye daftari kama nyingine yoyote. Lakini ikishatengenezwa, kiwanda kinaweza kumrudishia mwenyewe moja kwa moja, hata akipewa mbadala wa aina ile ile. Wateja hawajui, wanakuja dukani kuuliza kila siku.

---

Kipanga wa Jioni

Vipi ile ya Glock mwishoni mwa 2025? Mitandaoni walisema Glock wamefunga biashara.

---

Mpokea Mzigo

@Kipanga wa Jioni, hawakufunga. Oktoba 2025 Glock ilithibitisha kwamba inasitisha sehemu kubwa ya modeli zake kwa soko la Marekani na kuleta modeli mpya za kundi linaloitwa V. Ni mwezi ule ule ambao gavana wa California alitia saini sheria ya kuzuia maduka kuuza, kuanzia Julai 2026, bastola zenye muundo, kama wa Glock, unaobadilishwa kirahisi kufyatua risasi mfululizo. Kila mtu akaunganisha mambo hayo mawili.

Kwa duka, kilichofuata ndicho cha kujifunzia. Wateja walikuja kununua modeli "za mwisho" ambazo siku chache nyuma walikuwa wanazipita bila kuzitazama. Kuna maduka yalipandisha bei asubuhi hiyo hiyo. Binafsi sikupenda, mteja wa miaka hasahau. Swali la kweli kwa mnunuzi wa duka halikuwa bei ya wiki ile, lilikuwa oda za foleni: namba ya zamani ikifutwa, je, oda yako inahamia kwenye namba mpya na nafasi yako ya foleni, au inakufa na unaanza mwisho wa mstari? Kila msambazaji ana jibu lake. Waliouliza mapema walijua wanasimama wapi, wengine wakasubiri mzigo usiokuwepo.

Halafu angalia vipuri na mikoba. Bastola mpya ikibadilishwa umbo kidogo, mikoba yako ya zamani inaweza isiingie. Tangazo la kiwanda halitakwambia hilo, si kazi yao. Omba moja ya kwanza ikifika uijaribishe kwenye mikoba uliyo nayo kabla hujaagiza mingine.

---

Mjomba Bando

Nimesoma yote kwa bando la wenyewe. Nimeelewa jambo moja tu, kuwa foleni za Wamarekani nazo zina wenyewe 😂

---

Shangazi Kaunta

Mimi na mume wangu tumepata leseni yetu hivi karibuni, duka letu bado dogo. Msambazaji katutumia fomu ya oda ya msimu: tukichukua mchanganyiko waliopanga wao, tunalipa baada ya siku 90 na tunaingizwa kwenye mgao wa bastola mbili mpya zinazotafutwa sana. Ndani ya mchanganyiko kuna rivolva za mtutu mrefu ambazo kwetu hakuna anayeziulizia. Mume wangu anataka tujaze leo, anasema nafasi haiji mara mbili. Mleta uzi, wewe ungefanyaje?

---

Bi Hesabu

Shangazi, siku 90 zinahesabiwa kuanzia ankara, sio kuanzia siku mnapouza. Na ankara hutolewa mzigo unapotoka. Kama zile rivolva zitatoka kwanza na bastola mnazozitaka zitatoka baadaye, mtalipia zisizouzika kabla hamjaonja zinazouzika. Muulizeni kama mzigo wote unatoka pamoja au vipande vipande.

---

Mpokea Mzigo

Shangazi, Bi Hesabu kamaliza nusu ya jibu. Nusu nyingine: hilo neno "mgao" kwenye fomu lina idadi? Kama limeandikwa "mtapewa kipaumbele" bila namba, kiuhalisia mnanunua rivolva na kupewa ahadi. Kama limeandikwa vipande vingapi na kufikia mwezi gani, hapo kuna cha kuzungumza. Pia ombeni kubadilisha ile mistari ya rivolva kwa bastola za kawaida za kampuni hiyo hiyo zenye jumla ya bei ile ile. Wasambazaji wengi hukubali, kwa sababu wao wanachotaka ni kufikisha kiasi cha mauzo walichopangiwa na kampuni hiyo. Wasipokubali, jazeni kiwango cha chini kabisa kinachowafanya muhesabiwe kwenye mgao. Fomu inafungwa lini?

---

Shangazi Kaunta

Ijumaa.

---

Mpokea Mzigo

Basi mna muda. Mwambie shemeji asijaze leo. Pigeni simu kesho asubuhi, ongeeni na mtu wa mauzo anayeshika akaunti yenu, siyo mapokezi, na akikubali lolote mwambie aliweke kwenye barua pepe kabla hamjasaini.